Wangapi Miongoni Mwetu? Mhadhara juu ya Kukadiria Idadi ya Wenye Kisukari Nchini, na Nafasi ya Tarime na Serengeti katika Hesabu Hiyo



Maradhi ya kisukari mwayajua. Hapana nyumba kubwa katika ukumbi huu isiyokuwa na mjomba, shangazi au jirani aliyekatwa mguu, au aliyepofuka, au anayekwenda kliniki kila mwezi kuchukua vidonge. Sikuja kuwaeleza dalili zake wala tiba yake, maana waganga waliopo hapa wanazijua kuliko mimi. Nimekuja na suali moja, nalo ni hili: mtu akisema kwamba katika Tanzania watu kadha wa kadha kwa mia wana kisukari, amejuaje? Na idadi hiyo aliyoitaja, je, ni yetu pia sisi tukaao Tarime na Serengeti, au ni ya watu wengine tuliovalishwa bila ya kupimwa?

Nauliza hivi kwa sababu makadirio haya yanatumika. Katika kila watu wazima 100,000, tukiamini kwamba mmoja kwa mia ana kisukari, tutaagiza dawa za wagonjwa 1,000. Tukiamini kwamba ni kumi kwa mia, tutaagiza dawa za wagonjwa 10,000. Baina ya idadi hizo mbili pana dawa zitakazoharibika ghalani, au pana watu 9,000 watakaorudishwa nyumbani mikono mitupu. Wala msidhani kwamba tofauti hiyo nimeibuni ili kuwatisha, kwani katika nchi yetu idadi zote mbili zimepata kuchapishwa, na zote mbili na watu wa ilmu.

Niruhusuni nianze na tarehe, maana mkoa wetu una haki yake ndani yake. Katika miaka ya 1980 kundi la matabibu waliokuwa Muhimbili, wakiwamo Donald McLarty aliyetoka Uskoti, Andrew Swai na Henry Kitange, wakishirikiana na George Alberti wa Newcastle, waliazimia kufanya kazi ambayo ilikuwa nadra katika Afrika ya wakati ule: kutoka hospitalini, kwenda vijijini, na kumpima kila mtu mzima, mgonjwa na asiye mgonjwa. Tafiti zao zilifika vijiji vya Kilimanjaro, vya Morogoro, na vya mkoa wetu huu wa Mara. Matokeo ya vijiji sita yalichapwa mwaka 1989 katika jarida la The Lancet la Uingereza. Waliopimwa walizidi 6,000, wote wenye umri wa miaka 15 na zaidi. Walionekana na kisukari 53, yaani asilimia 0.87, hata mtu mmoja kamili kwa mia hakutimia.

Sitaki idadi hiyo ipite masikioni mwenu kwa haraka, kwa sababu ya namna ilivyopatikana. Kila mtu alinyweshwa gramu 75 za glukosi asubuhi kabla ya kula, kisha akangojewa saa mbili ndipo damu yake ikapimwa. Fikirini uzito wa kazi hiyo katika kijiji kisicho na umeme, na watu wenye mashamba ya kupalilia na ng'ombe wa kuchungwa. Kuna tafiti nyingi za karibuni, zenye mashine bora mara kumi, ambazo hazikuthubutu kufanya hivyo.

Tangu hapo idadi zimepanda. Katika uchunguzi wa miaka ya 1990, uliochapwa mwaka 2000, wenye kisukari walikuwa karibu asilimia 6 katika mtaa wa Ilala jijini Dar es Salaam, ilhali katika kijiji cha Shari, mkoani Kilimanjaro, hawakufika asilimia 2. Mwaka 2012 Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilifanya uchunguzi wa nchi nzima kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani uitwao STEPS, na kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ikapata asilimia 9.1. Msikilizaji wa haraka atasema: basi kisukari kimeongezeka mara kumi. Mimi nasema kwamba kimeongezeka, sina shaka na hilo. Lakini kimeongezeka kwa kiasi gani, hatuwezi kujua kwa kuzipanga idadi hizi mstari mmoja kama kwamba zimetoka katika mizani moja. Sababu zangu nitazieleza kwa hoja nne.

Hoja ya kwanza: daftari la hospitali halitoshi.

Hoja hii ni fupi, kwa kuwa wafugaji mtaielewa upesi. Afisa mifugo akihesabu ng'ombe waliokuja kwenye josho, amehesabu ng'ombe wa wenye bidii na wa waliokaa karibu na josho. Kundi la wilaya hakulihesabu. Katika wale 53 wa vijijini niliowataja, 13 tu ndio waliokuwa wakijijua kwamba wana kisukari. Arubaini walikuwa wakilima, wakioa na kuozesha bila ya habari, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Kwa hiyo mganga ambaye angehesabu wagonjwa wa kliniki yake angekuwa na robo ya ukweli mkononi. Hata leo, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kwamba zaidi ya nusu ya wenye kisukari katika Afrika iliyo kusini ya Sahara hawajagunduliwa. Tena robo hiyo inayoonekana haifanani na mafungu matatu yaliyofichika, kwani anayefika hospitali ya Tarime au ile ya Mugumu ni mwenye nauli, au ni aliyekwisha kuzidiwa.

Hoja ya pili: kipimo kibovu huzaa wagonjwa wasiokuwapo, na huwazaa zaidi pale ambapo maradhi ni machache.

Hapa ndipo penye uzito wa mhadhara wangu, nami naomba uvumilivu wenu, hasa vijana wa sekondari mlioko nyuma, maana hesabu yake ni ya kujumlisha tu.

Chukueni watu wazima 1,000 wa tarafa moja. Tuseme, kwa mfano, kwamba kwa hakika 10 kati yao wana kisukari. Tuseme tena kwamba kipimo chetu si kibaya: katika kila wagonjwa kumi kinawagundua tisa, na katika kila wazima mia kinawaambia ukweli tisini na watano. Wengi wetu tungekinunua kipimo hicho bila ya kusita. Basi kitawagundua wagonjwa 9. Lakini wazima ni 990, na watano katika kila mia watatajwa kuwa wagonjwa kwa makosa, nao ni kama watu 50. Jumla yetu itakuwa 59. Tutaandika katika ripoti kwamba kisukari katika tarafa hiyo ni karibu asilimia 6, ilhali ukweli ni asilimia moja! Sasa badilisheni jambo moja tu: wagonjwa wa kweli wawe 100 katika 1,000. Kipimo kile kile kitawagundua 90, na kitawasingizia wazima 45, jumla 135. Kosa lipo bado, lakini idadi haijatoka mbali na asili yake. Ndiyo kusema kwamba kipimo kinachofaa katika jiji lenye maradhi mengi chaweza kutupoteza kabisa katika kijiji chenye maradhi machache, hali ya kuwa mashine ni ile ile na muuguzi ni yule yule.

Na hao wazima watano kwa mia wanaosingiziwa hutoka wapi? Hutoka katika bakuli la uji. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba mtu ambaye hajala tangu usiku akionekana na sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, huhesabiwa kuwa na kisukari. Sharti zima limejengwa juu ya neno hilo la kutokula. Wauguzi waliopo watanishuhudia kwamba mtoto wa shule aweza kuambiwa asile akatii, lakini mama aliyeamka alfajiri kwenda kuteka maji na kukamua ng'ombe, akifika kwenye kipimo saa nne, hawezi kulaumiwa iwapo alionja togwa au maziwa njiani. Na akiulizwa, kwa haya atasema hakula. Jambo hilo dogo, likitokea kwa watu wachache katika kila kijiji, huhamisha hesabu ya taifa.

Fauka ya hayo, kiwango chenyewe kimehama. Wakati wa uchunguzi wa vijiji sita, mpaka wa sukari ya mtu asiyekula ulikuwa milimoli 7.8, nao uliteremshwa hadi 7.0 mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtu mwenye 7.3 alilala mzima akaamka mgonjwa, wala hakuna kilichobadilika katika mwili wake. Na tangu 2011 Shirika la Afya Duniani limekubali kipimo cha himoglobini iliyoshikana na sukari, ambacho hakihitaji mtu kufunga. Ni kipimo kizuri, lakini sisi wa kanda ya Ziwa tukitumie kwa hadhari, kwa kuwa malaria inayovunja chembe nyekundu, upungufu wa damu, na urithi wa seli mundu ulioenea katika kanda hii, vyote vyaweza kukipotosha, mara huku mara kule.

Hoja ya tatu: mtu yule yule hawezi kuwa na idadi mbili kwa sababu ya mpaka.

Kutoka hapa hadi Sirari ni mwendo mfupi, na ng'ambo ya Sirari ni Isebania. Wakurya wako pande zote mbili. Wameoana, wanazikana, wanakula ugali wa muhogo na wa ulezi ule ule, wanauziana ng'ombe katika minada ile ile, na soda inayonywewa upande mmoja hunywewa upande wa pili. Sasa sikilizeni. Kenya ilifanya uchunguzi wake wa STEPS mwaka 2015, ikapata takriban asilimia 2. Uganda ilifanya wake mwaka 2014, ikapata asilimia 1.4. Tanzania, kama nilivyosema, ilipata asilimia 9.1 mwaka 2012. Utaratibu una jina moja katika nchi zote tatu. Je, Mkurya akivuka boda kwa pikipiki kuja kumwona shemeji yake, hatari yake ya kisukari huongezeka mara nne kabla hajashuka?

Sehemu ya tofauti hiyo ni ya umri. Kenya na Uganda walipima watu wa miaka 18 hadi 69, ilhali sisi tulianzia miaka 25, na kisukari cha watu wazima huongezeka kwa umri. Lakini kwa kukisia tu, tukiondoa robo nzima ya waliopimwa Kenya kuwa ni vijana wa chini ya miaka 25, na tukidhani kwamba hapana hata mmoja wao mwenye maradhi hayo, ile asilimia 2 haitafika 3. Umri hautoshi. Iliyobaki lazima ielezwe na vipimo, na namna ya kufunga, na namna watu walivyochaguliwa, na pengine na tofauti ya kweli baina ya nchi na nchi, ambayo siikani.

Na tusitazame ng'ambo peke yake. Katika 2012 na 2013, yaani wakati ule ule wa uchunguzi wetu wa taifa, watafiti wengine walipima watu wazima mkoani Mwanza na kusini mwa Uganda, wakapata kisukari baina ya asilimia 1 na 4 kwa kadiri ya mahali. Mwanza ni jirani yetu wa ziwa moja. Mbele ya ushahidi huo, hukumu yangu, nami naitoa nikijua kwamba wapo wenzangu wasioiafiki, ni kwamba asilimia 9.1 haifai kupigiwa mahesabu ya vijiji vya Serengeti. Yaweza kuwa kweli kwa mahali fulani nchini. Kwa Nata na Ikoma na Ngoreme sioni dalili yake.

Hoja ya nne: makadirio ya dunia hubadilika kwa kubadilika tafiti zinazotumiwa kuyatengeneza.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari hutoa atlasi yake kila baada ya miaka michache. Katika ile ya 2019 Tanzania iliandikiwa watu wazima karibu milioni 1, yaani asilimia 3.7 ya walio na miaka 20 hadi 79. Katika ile ya 2021 iliandikiwa zaidi ya milioni 2 na laki 8, yaani asilimia 10.3. Maradhi yanayokuja polepole, yanayomchukua mtu miaka kumi kumwangusha, hayawezi kuongezeka karibu mara tatu kwa miaka miwili. Waandishi wa atlasi hiyo hawakudanganya, nao hueleza njia yao waziwazi: kwa kila nchi huchagua tafiti zilizopo, huzipa daraja kwa ubora wake na kwa upya wake, kisha huzikadiria kwa umri na kwa mji na shamba. Nchi yenye tafiti nyingi, utafiti mmoja ukiingia au ukitoka, mizani haiyumbi. Nchi yenye tafiti chache, utafiti mmoja ndio nchi nzima.

Naongeza neno kwa wenzetu wa redio, ambao naona mmekuja na vyombo vyenu. Iliposemwa kwamba mmoja katika kumi ana kisukari, maana ilikuwa ni mmoja katika watu wazima kumi. Sensa ya Agosti 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, na zaidi ya watu 42 katika kila mia walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Milioni 2 na laki 8 katika jumla hiyo hawafiki watano kwa mia. Msipotaja umri, mmesema jambo jingine kabisa.

Nimemaliza hoja zangu, nami najua suali lililo vinywani mwenu: basi tufanyeje? Nitataja yanayowezekana kwa uwezo wa wilaya mbili zikishirikiana na mkoa na wataalamu wa taasisi yetu ya utafiti.

Kwanza, vitongoji vichaguliwe kwa kura, na kura hiyo ichanganye aina zote za maisha yetu: nyanda za juu za Tarime zenye migomba na kahawa, Sirari yenye biashara ya mpaka, Nyamongo yenye mgodi, ambako watu hula chakula cha kununua na kulala kwa zamu, Mugumu mjini, na vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi. Tukipima Tarime mjini na Mugumu peke yake kwa kuwa barabara inafika, tutakuwa tumepima barabara. Tena tukumbuke kwamba Rorya ilitengwa na Tarime mwaka 2007, kwa hiyo takwimu za zamani zenye jina la Tarime zina ndani yake watu wa ufukoni mwa ziwa, wenye chakula kingine na kazi nyingine.

Pili, watu wawe wengi wa kutosha. Ikiwa kisukari chetu ni kama asilimia moja, watu 1,000 watatupa wagonjwa 10, na kwa bahati nasibu tu wangeweza kutokea 5 au 18, nasi tungegombana bure. Wale watafiti wa vijiji sita walipima zaidi ya 6,000 na bado wagonjwa wao 53, kwa hesabu ya bahati, wangeweza kuwa 40 au 69. Hilo ndilo linalofanya kazi hii kuwa ya gharama, na ndilo linalopasa kuelezwa kwa madiwani kabla ya bajeti, si baada yake.

Tatu, kila nyumba ifikiwe mara mbili, mara moja jioni ya kuamkia kipimo, ili watu waelezwe kwa upole maana ya kufunga, na ili wanaume wanaochunga na wanaochimba waonekane. Maana katika tafiti nyingi wanawake ndio wanaopatikana nyumbani, na hesabu ya wanaume hukamilishwa kwa kukisia. Anayeonekana na sukari nyingi apimwe tena siku nyingine kabla ya kuandikwa. Kwa hatua hiyo ya mwisho peke yake, wale wazima 50 wa mfano wangu wangebaki wachache sana, na zaidi ya hayo wangeondolewa hofu isiyokuwa na sababu. Naye atakayethibitika asiachwe na karatasi mkononi: aandikishwe kliniki siku hiyo hiyo, maana watu wetu hawatatoa damu yao mara ya pili kwa wataalamu waliochukua idadi wakaenda zao.

Nne, na hili ndilo ninalolitamani kuliko yote, tuwaombe ndugu zetu wa Kuria, upande wa Kenya, wafanye uchunguzi huo pamoja nasi, kwa mashine zilizolinganishwa, kwa umri mmoja, na kwa mwezi mmoja. Hapo ndipo tutakapojua iwapo ile tofauti ya mara nne ni ya damu ya watu au ni ya vipimo. Sijui mahali pengine katika Afrika Mashariki panapofaa zaidi kwa jaribio hilo kuliko boda yetu, na faida yake itazifikia serikali zote mbili. Kisha baada ya miaka kumi warejee wengine, katika vitongoji vile vile na kwa kipimo kile kile, wakalinganishe.

Miaka ya 1980 vijiji vya Mara vilitoa damu yao kwa hesabu ya kisukari cha vijijini nchini. Wapo humu wazee ambao walikuwa watu wazima wakati huo, na huenda wapo wanaokumbuka glukosi ile ya asubuhi. Ningependa kuonana nao baada ya mkutano huu, maana kumbukumbu za vijiji hivyo na majina ya vitongoji vyake vya zamani zitatufaa sana tutakapoandaa kura. Na sasa, kwa idhini ya Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba maswali, tuanze na waganga wa zahanati za vijijini, ambao ndio watakaoombwa kugonga milango.